Pesa ya Filamu Isikae kwa Laini Yako: Hesabu ya Wanafunzi Tisa

Saa moja jioni, Jumamosi, nyuma ya vibanda fulani Eastlands, Nairobi. Simu ya kurekodi iko juu ya stendi, taa mbili zimewashwa, na ekstra kumi na mmoja wamekaa kwa benchi wakingoja kuitwa. Hili ndilo onyesho kubwa la filamu yao: msichana makanga anafukuzwa kazi mbele ya steji nzima. Mwenye jenereta anamwita prodyusa kando.

"Madam, nimaliziwe ile elfu tatu kwanza, ndio tuendelee."

Prodyusa anamgeukia mweka hazina. Mweka hazina anaangalia simu yake, halafu anaangalia chini.

Kwa daftari, kundi lilikuwa na KSh 11,700. Kwa laini ya mweka hazina kulikuwa na KSh 1,640.

Jenereta ilizimwa. Ekstra waliambiwa warudi siku nyingine, na mmoja wao, mama wa chapati aliyefunga kibanda chake mapema ndio aigize, aliondoka bila kusema neno. Siku hiyo wanafunzi tisa wa mwaka wa tatu waliacha kusalimiana. Filamu yenyewe ilikuwa mradi wa darasa wenye alama, na zilikuwa zimebaki wiki nne za kuiwasilisha.

Tulikaa nao baadaye na wakatukubalia tueleze hesabu yao, bila kutaja majina yao wala chuo. Tunaieleza kwa sababu hakuna mtu aliyeiba. Ukisoma hadi mwisho utaona vile pesa inaweza kukosekana elfu kumi na kila mtu awe anasema ukweli.

Siku hizi kamera si shida tena

Kabla ya hesabu, tuseme hivi. Miaka iliyopita mwanafunzi alishindwa kutengeneza filamu kwa kukosa kamera. Leo kamera iko mfukoni. Mwaka 2015 Mmarekani Sean Baker alitoa filamu nzima, Tangerine, iliyopigwa kwa iPhone 5s. Na mwanafunzi asidhani kazi ya darasa inaishia darasani: Watu Wote, filamu fupi ya mwaka 2017 iliyopigwa hapa Kenya kuhusu basi lililovamiwa karibu na Mandera, ilikuwa kazi ya kuhitimu ya wanafunzi wa Hamburg Media School, ikiongozwa na Katja Benrath. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Hawa tisa walijua kazi yao. Walirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, kwa sababu stima yetu ni ya hezi 50 na ukitumia fremu 30 baadhi ya taa zinaonekana zikipepesa kwa video. Walijua dakika moja ya 4K inaweza kula MB 170 au zaidi, kumaanisha saa moja ya kurekodi ni zaidi ya GB 10, kwa hivyo hawakujaribu kupakia video kwa bando za simu. Walihamisha kila kitu kwa diski mbili kila jioni kabla ya kufuta chochote. Kuhariri walitumia DaVinci Resolve, ile ya bure.

Kwa upande wa picha walikuwa wamejipanga vizuri sana. Pesa ndiyo waliachia tu "mtu mwaminifu".

Elfu kumi zilienda wapi?

Mpango ulikuwa rahisi. Kila mmoja achange 3,000, jumla 27,000. Wazazi, mashangazi na marafiki wakaongeza 11,500. Jumla kwa daftari 38,500. Pesa zote zitumwe kwa laini ya mweka hazina, ile ile anayotumia kununua chakula na kulipa nauli.

Hadi jioni ile walikuwa wametumia hivi: kukodi lensi, maikrofoni na taa kwa siku mbili 14,000, matatu ya kuigizia 6,000, chakula 4,800, deposita ya jenereta 2,000. Ukijumlisha ni 26,800. Toa kwa 38,500, unabaki na 11,700. Hiyo ingetosha kumalizia jenereta 3,000 na kulipa ekstra kumi na mmoja 500 kila mmoja, na bado wabaki na chenji.

Jumapili waliketi na taarifa ya miamala ya ile laini, mstari kwa mstari. Walipata mashimo matatu.

La kwanza, KSh 3,000. Hii ilikuwa mchango wa mweka hazina mwenyewe. Wenzake wanane walituma na meseji zikaonekana. Yeye hakuhitaji kujitumia, kwani laini ni yake, kwa hivyo aliandika tu "nimelipa" kwa daftari akijua ataijaza mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki ukafika bila pesa.

La pili ndilo kubwa, KSh 6,200. Ile laini ilikuwa na deni la ovadrafti, ile huduma inayokujaliza ukiishiwa na salio katikati ya malipo. Alikuwa ameitumia kidogo kidogo mwezi mzima: shopping, tokeni za stima, nauli ya kwenda nyumbani. Sasa, ovadrafti ya simu haingoji ukumbuke kulipa. Pesa yoyote ikiingia kwa laini, mfumo unakata deni lake kwanza. Mfumo haujui kama pesa hiyo ni mshahara wako, ni ya matanga au ni ya filamu. Kwa hivyo watu wawili wa kwanza kuchanga walikuwa wanalipa deni la mwenzao, na 200 ya mtu wa tatu ikafuata.

Yeye aliona. Meseji ilimwambia wazi kiasi kilichokatwa. Lakini fikiria uko na miaka 21, wenzako wamekuchagua kwa uaminifu, na ndani ya dakika kumi za kwanza pesa yao imelipa deni lako. Alijiambia angerudisha akilipwa kibarua fulani. Kibarua kilichelewa. Kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi ya jana. Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo, tusijidanganye.

La tatu ni KSh 860, na hili halikuwa kosa la mtu yeyote. Ni ada za kutuma, pamoja na "ya kutoa". Dereva alisema "nitumie na ya kutoa". Mama wa chakula akasema hivyo hivyo. Ni desturi yetu na ni haki, maana ukimtumia mtu 2,000 na akatwe akitoa, hujamlipa 2,000. Shida ni kwamba bajeti haikuwa na mstari wa kitu hicho.

3,000 na 6,200 na 860 ni 10,060. Jumlisha na 1,640 iliyokuwa kwa laini, unapata 11,700 kamili. Hakuna hata shilingi iliyopotea.

Wangefanyaje?

Laini ya kundi iwe ya kundi. Chukua laini mpya au uombe nambari ya till itakayotumika kwa mradi huo peke yake. Ikiwa ni laini, usijiunge na ovadrafti wala mkopo wowote juu yake, hata ukitumiwa ofa. Kumbuka laini husajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja, kwa hivyo mandugu na madada wa kundi waandike karatasi fupi inayosema pesa ni ya nani, ni ya nini, na ikibaki itaenda wapi. Nusu ukurasa unatosha. Wote watie sahihi.

Halafu mweka hazina atume mchango wake kutoka kwa laini yake ya kawaida hadi laini ya kundi, kama mtu mwingine yeyote. Inaonekana kama mchezo, na ada italipwa, lakini ndiyo njia ya pekee ya mchango wake kuonekana kwa taarifa.

Usigawe PIN. Tunajua makundi mengi huwapa watu wawili PIN "ndio wachungane". Matokeo yake ni kwamba pesa ikipotea, hakuna anayejua nani ametoa. Kama mnataka macho mawili, kila malipo yakifanyika meseji ipelekwe kwa WhatsApp ya kundi papo hapo, na kila Ijumaa mtu mwingine, si mweka hazina, aombwe kulinganisha meseji hizo na taarifa kamili iliyotolewa kwa app. Taarifa kamili, si skrinshoti. Skrinshoti huhaririwa, na hawa ni watu wanaosomea kuhariri picha.

Bajeti iwe na mstari wa "ada na ya kutoa". Hesabu mtalipa watu wangapi, angalia jedwali la ada, na muandike jumla. Kulipa ekstra kumi na mmoja mmoja mmoja ni ada kumi na moja. Muuzaji mwenye till humlipi ya kutoa, na pia unabaki na rekodi yenye jina la biashara.

Kuna jambo lingine dogo ambalo waliotengeneza filamu kwa simu watalitambua. Ukirekodi, unaweka simu kwa hali ya ndege, la sivyo shangazi atapiga katikati ya onyesho la kilio. Basi simu ya kurekodi isiwe simu ya pesa. Kundi moja tulilosikia lilipoteza nusu saa ya mwanga wa jioni kila siku likitoa simu kwa stendi ili kumlipa mtu wa maji.

Jina kwanza, PIN baadaye

Ekstra wakija, andika jina la kila mmoja kama lilivyo kwa kitambulisho, na nambari ya simu. Wakati wa kulipa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likiwa tofauti, uliza. Pengine anatumia laini ya dada yake, na hapo ni sawa, lakini akuambie yeye mwenyewe. Ukishatuma kwa mtu asiye, omba kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja mara moja. Dakika ni muhimu, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni shida.

Kwa vifaa vya kukodi kuwa mkali zaidi. Lensi ya bei poa kwa mtandao, picha safi, halafu "tuma deposita nikuwekee, kuna mtu mwingine anaitaka": hapo simama. Nenda ukaione na uishike. Kama duka lina jina, jina hilo litokee unapolipa. Ukiambiwa till "iko chini leo, tuma kwa hii nambari yangu", ngoja ipande.

Kibali pia. Kurekodi filamu Kenya kunasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, kwa hivyo ulizeni mapema chuoni mnahitaji nini. Ada za serikali hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222. Mtu akija kwa seti na koti akitaka umtumie "ya kibali" kwa nambari yake binafsi, mwombe ankara kwa upole.

Na mkichangisha, msisherehekee meseji. Angalieni salio. Meseji ya uongo ya "umepokea" huandikwa na mtu yeyote mwenye simu, na mara nyingi hufuatwa na "aki nimetuma zaidi, nirudishie".

Wiki tatu baadaye

Walitaka kumfukuza. Prodyusa ndiye alikataa, akasema mtu huyo ni mwigizaji pia na tayari yuko kwa nusu ya filamu. Kicheko hicho, wanasema, ndicho kilianza kuwarudisha. Walikubaliana alipe 9,200 kwa awamu, na wenzake wakaongeza 500 kila mmoja ili kazi iendelee. Safari hii pesa ilikaa kwa laini mpya, na prodyusa akawa anasoma taarifa kila Ijumaa kwa sauti, mbele ya wote, akiwemo yeye.

Onyesho la steji lilirekodiwa Jumamosi nyingine. Kati ya wale ekstra kumi na mmoja, walirudi sita. Ilibidi kamera isogee karibu ili uwazi usionekane, na mwelekezi bado anasema si onyesho alilokuwa nalo kichwani.

Kabla ya kuwasha jenereta, malipo ya kwanza kutoka kwa ile laini yalikuwa ya usiku ule uliokatika. Wote kumi na mmoja walitumiwa, hata wale watano waliokataa kurudi. Mama wa chapati alipata 500 zake na ya kutoa juu.