Mizigo Mikubwa Ivukayo Bahari

Mtoto wa Karagwe atumwapo kupeleka mkungu wa ndizi, kwanza husokota ngata ya majani makavu ya mgomba, akaiweka kichwani, ndipo ajitwike. Na iwapo njia yake yavuka Mto Kagera kwa mtumbwi, mwenye mtumbwi humwamuru aulaze mkungu chini, katikati, wala asisimame hata wafike ng'ambo. Mambo hayo mawili, ngata na kulaza mzigo mahali pake, ndiyo msingi wa kazi ya mabaharia wachukuao mitambo ya viwanda yenye uzito wa maelfu ya tani.

Huko Murongo, wilayani Kyerwa, maji ya Kagera huzungusha mashine za umeme ambao Tanzania na Uganda hugawana. Mashine kubwa za namna hiyo kwa kawaida hufuliwa katika nchi za mbali, zikavuka bahari, kisha zikafuata barabara ndefu ya milima. Basi mhandisi haanzi kwa kuuliza merikebu yaweza kubeba nini. Huanza mwisho wa safari. Hupima daraja lililo dhaifu kuliko yote, na kona iliyo kali kuliko zote; na kile kilicho chembamba kuliko vyote njiani ndicho kiwekacho kipimo cha mzigo.

Kwa sababu hiyo meli za maziwa yetu zilikuja vipande vipande. Ile William Mackinnon, iliyoteremshwa majini Kisumu mwaka 1900, ilifika kabla ya reli kwisha, na vipande vyake vilimaliza safari juu ya vichwa vya wapagazi. Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, iliunganishwa kwanza kwa bolti huko Uskoti, kila kipande kikatiwa namba, kisha ikafunguliwa yote na kupakiwa. Nayo Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilipita Dar es Salaam katika masanduku yapata 5,000, ikapanda reli mpaka Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza walizipaka injini zake mafuta mazito. Ilipoopolewa mwaka 1924 injini zilikuwa zingali nzima, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Hata leo chuma kinachosafiri baharini huhitaji kukingwa na kutu, maana chumvi hula kimyakimya.

Lakini kuunganisha vipande maelfu mbali na karakana ni kazi ya miaka. Kwa hiyo kiwanda kikijengwa pwani, siku hizi sehemu zake huletwa nzima, kubwa kama majumba. Mwezi wa Novemba 2021 kiwanda kizima cha gesi, Coral Sul, kielea chenye urefu wa mita 432 na upana wa mita 66, kilivutwa kutoka Korea Kusini, kikafika Msumbiji Januari 2022.

Saa ya hatari kubwa haiko katikati ya bahari, iko gatini. Mzigo huletwa juu ya gari lenye magurudumu mamia, nalo huingia sitahani polepole kuliko mwendo wa kinyonga. Merikebu ina farumi, yaani uzito wa kuituliza: zamani ilikuwa mawe na mchanga, siku hizi ni maji ya bahari yaliyotiwa katika matangi. Magurudumu ya kwanza yakikanyaga sitaha, upande ule hutaka kuzama. Basi maji ya upande ule hutolewa kwa pampu kadiri uzito unavyoingia, na wakati huo huo bahari nayo inajaa au inakupwa. Pampu ikisimama, sitaha na gati hupitana kimo, na mzigo hukwama nusu nchi kavu, nusu majini.

Ukisha kuingia, mzigo hukalishwa juu ya mbao nene na mihimili ya chuma ili uzito usitoboe sitaha. Hiyo ndiyo ngata yake. Kisha vizuizi vya chuma huchomelewa pande zote, na minyororo hukazwa, kwa kuwa merikebu huenda mrama ubavu kwa ubavu, tena hupanda na kushuka.

Mtu aweza kudhani kwamba uzito ukiwekwa chini kabisa hatari imekwisha. Sivyo. Ukiwa chini mno, merikebu iliyolazwa na wimbi hurudi wima kwa ghafula, kama fimbo iliyopindwa ikaachwa, na mshtuko huo hukata minyororo. Ukiwa juu mno, hurudi polepole kana kwamba inasitasita, na pengine isirudi. Watu wa Kagera wanajua maana yake. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitoka Bukoba na abiria wengi kupita kipimo chake, ilipinduka karibu na Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800.

Kwa hiyo nahodha hang'oi nanga mpaka mkaguzi asiye wa merikebu hiyo amehesabu uzito, ametazama kila mnyororo, na amesoma habari za upepo wa siku zijazo. Baada ya usiku wa kwanza baharini mabaharia huzunguka mzigo na kukaza tena, maana minyororo iliyokuwa imara gatini hulegea. Bandarini mwisho wa safari pampu huanza tena kunguruma, safari hii zikitia maji badala ya kuyatoa.