Ukishuka Korongo la Njorowa, Ulizia Mvua Kwanza

Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha nchini Kenya, ni ndogo: kilomita za mraba 68 hivi. Hata hivyo ni miongoni mwa hifadhi chache ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, twiga na nyati. Wengi huja kwa ajili ya Korongo la Ol Njorowa, na wakipanga safari hufikiria kwanza viatu na kamera. Mimi ningependa waanze na maji, kwani ndiyo yaliyolichonga korongo hilo na hadi leo bado hupita humo.

Maelfu ya miaka iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi kuliko sasa, Ziwa Naivasha lilijaa likafurika upande wa kusini. Maji yalipita juu ya majivu ya volkano yaliyoshikamana yakawa mwamba, lakini mwamba dhaifu. Sehemu nyingine ukiukwaruza kwa ukucha unatoa unga. Ndiyo maana kuta za korongo zimepindapinda na kulainika, na mahali pengine njia ni nyembamba kiasi cha kugusa pande zote mbili kwa mikono. Siku hizi ziwa halina mto unaotoka, na korongoni huwa na kijito tu, pamoja na maji ya moto yanayochuruzika ukutani kutokana na joto lilelile linalozalisha umeme jirani, Olkaria.

Njia ninayoipenda ni baiskeli. Unaikodi nje ya hifadhi, unaingia kwa lango la Elsa na kupita Mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba wa volkano yenye urefu wa mita 25 hivi, iliyopewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika hapo mwaka 1883. Wapanda miamba hufanyia mazoezi hapo na kwenye magenge ya jirani, kwa kamba na mwalimu. Barabara ya vumbi inaendelea katikati ya magenge mekundu hadi kituo cha askari wa wanyamapori, na hapo baiskeli unaiacha.

Kuanzia hapo ni miguu, tena pamoja na kiongozi. Wengi wa viongozi ni Wamaasai wa eneo hilo, wanaojua kila mahali pa kupandia kutoka chini. Mwulize akuonyeshe vijiti na nyasi kavu zilizonasa kwenye nyufa juu ya kichwa chako. Hiyo ni alama ya mahali mafuriko yalipofikia.

Mvua ikinyesha kwenye miinuko ya juu, maji hukusanyika haraka na kubanwa katika mfereji huu mwembamba, huku wewe uliye chini ukiona jua linawaka. Aprili 2012, na tena Septemba 2019, mafuriko ya namna hiyo yaliua watu humu. Mara ya pili kiongozi wa watalii alikuwa miongoni mwao. Tazama miezi hiyo: Aprili ni masika, Septemba si msimu wa mvua kubwa. Kalenda peke yake haitoshi.

Basi nenda asubuhi, maana katika Bonde la Ufa mawingu ya radi hujengeka zaidi alasiri. Kabla ya kushuka, waulize askari kama sehemu ya chini imefunguliwa na kama kuna mvua upande wa juu. Maji yakianza kubadilika rangi au ukisikia ngurumo kutoka juu ya mkondo, panda mara moja. Usijaribu kukimbia mbele ya maji. Na ukiambiwa pamefungwa, usimshawishi mtu kwa noti. Zunguka na baiskeli kwa njia ya vilimani: kutoka huko juu utaona mvuke wa Olkaria, magenge na tambarare yote, pengine na tumbusi wakielea usawa wa macho yako.