Anayechambua Hitilafu Si Lazima Awe Fundi

"Jedwali langu limeharibika." Basi, taarifa imeishia hapo. Haitaji toleo la programu, haina faili, wala haisemi mtu alibofya nini. Taarifa za aina hii huifikia sana LibreOffice, programu huria ya ofisi iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice. Waandishi wa programu wakihangaika na kila moja, hawatapata muda wa kurekebisha chochote. Kwa hiyo taarifa huchambuliwa kwanza, kama mchele unavyotolewa mawe na chuya kabla ya kutiwa chunguni, na wengi wa wachambuaji ni watu wa kujitolea.

Mchambuaji hufuata hatua zilizoandikwa aone kama hitilafu inajitokeza na kwake. Ikijitokeza, anaithibitisha. Isipojitokeza, anamrudia mwenye taarifa kwa upole: tafadhali, unatumia toleo gani? Waweza kututumia faili, ukishaondoa mambo ya siri? Ikiwa imeripotiwa tayari, anaiunganisha na ile ya mwanzo.

Kinachonivutia zaidi ni kusaka mahali hitilafu ilipoingilia. Jedwali lilikuwa zima katika toleo la zamani, leo linavunjika, na katikati yamepita mabadiliko chungu nzima. LibreOffice imehifadhi programu za vipindi hivyo vya katikati, zikiwa tayari kufunguliwa. Mchambuaji anajifunza amri chache, kisha anafungua iliyo katikati kabisa. Jedwali ni zima? Basi kosa liliingia baadaye. Limevunjika? Liliingia kabla. Anaacha nusu moja, anagawa iliyobaki, anajaribu tena: 1,000, 500, 250, 125. Kwa majaribio kama 10 tu anabaki na badiliko moja, au machache yaliyofuatana, yenye tarehe na jina la aliyeyaandika. Hajaandika hata mstari mmoja wa msimbo, lakini fundi sasa anajua pa kushika.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sehemu yetu hasa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. LibreOffice nayo ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Sasa mtu akiripoti kwamba neno "wasipomwelewa" limepigiwa mstari mwekundu, mchambuaji aliyeko Berlin atauona mstari, ila hawezi kusema kama neno lina kosa. Wewe unaweza, tena kwa dakika moja.

Anza na taarifa moja ambayo haijathibitishwa, inayohusu kazi unayoijua: mwalimu achukue ya mitihani yenye michoro, mhasibu achukue ya hesabu. Fungua faili, fuata hatua, andika ulichokiona. Hata "kwangu haikutokea" ni jibu la maana, mradi utaje toleo la programu na mfumo wa kompyuta yako.