Mpigo wa besiboli huanzia mguuni, si mkononi

Kama umesoma Kitui au Makueni, slasha unaijua. Basi kumbuka yule msee mwembamba aliyemaliza sehemu yake ya nyasi mapema huku wenye misuli wakihema. Yeye alikuwa anazungusha mwili, slasha inafuata. Kupiga mpira wa besiboli ni hivyo hivyo. Kwa hivyo mtu akikuambia "huna nguvu, achana na huu mchezo", usimsikize bado.

Tupige hesabu kidogo. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwako. Akirusha kwa kasi ya kilomita 145 kwa saa, mpira unakufikia kwa takriban sekunde 0.4. Kuzungusha gongo kunakula kama sekunde 0.15. Muda unaobaki ndio wa kuona na kuamua. Sasa ukipeleka gongo kwa njia ndefu, inabidi uanze mapema, kabla hujauona mpira vizuri. Hapo unabahatisha tu.

Kocha hayuko? Simu iko. Weka mpira wa matambara juu ya kigingi kinachofika kiunoni, kisha rafiki akurekodi kwa mwendo wa polepole, akiwa mbali na gongo. Tazama mambo manne.

Kwanza, mguu wa mbele. Uwe umekanyaga chini imara kabla gongo halijaanza kwenda mbele.

Pili, kiuno. Bakoli ya mshipi igeuke kumwelekea mrushaji kabla ya kifua. Vikigeuka pamoja, nguvu ya miguu imepotelea njiani, na mikono imeachiwa kazi yote.

Tatu, mikono. Ikae karibu na bega hadi kiuno kianze kugeuka. Ikitangulia kunyooka, mzunguko unakuwa mrefu.

Nne, njia ya gongo. Mpira huja ukishuka, kwa hivyo gongo likutane nao likipanda kidogo. Usipige kama unayepasua kuni.

Ukiona makosa matatu, rekebisha moja tu wiki hii, na uanze na la chini: mguu, kisha kiuno. Mara nyingi mikono hujinyoosha yenyewe miguu ikikaa sawa.

Na usidhani haya ni ya watoto wa Marekani pekee. Mwaka 2012, watoto wa Lugazi, hapo Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Pennsylvania. Dennis Kasumba, Mganda pia, alijulikana kwa video za mazoezi akitumia matairi makuukuu, na mwaka 2023 akavaa jezi ya Frederick Keys nchini Marekani.

Wote au Mwingi huenda usipate uwanja wala gongo la duka. Lakini mguu, kiuno na simu unavyo. Rekodi leo, rekodi tena Jumamosi ijayo, halafu weka video mbili kando kwa kando. Hizo ndizo zitakuambia kama unafaa, si maneno ya watu.