Nywele za dhahabu zimegeuka kijani baada ya kuogelea? Usikimbilie blichi

Umetoka saluni pale Ring Road, Nyalenda, kichwa kinang'aa rangi ya dhahabu. Wikendi marafiki wanakuita mkaogelee kwenye kidimbwi cha hoteli fulani mjini. Mnaruka, mnapiga picha, raha tupu. Siku mbili baadaye unajitazama kwenye kioo na, haki ya nani, ncha za nywele zina ukijani kama mwani wa ziwani. Tena ukizigusa ni kavu kama nyasi.

Usijilaumu kwa kuogelea. Hatari ni kile ambacho wengi hufanya baada ya hapo: kurudi saluni na kuomba blichi ipakwe tena "ili rangi ikae sawa". Hapo ndipo watu hupoteza nywele. Soma hadi mwisho kabla hujamtumia msusi wako pesa.

Kijani hicho kinatoka wapi?

Wengi huilaumu klorini. Klorini ina makosa yake, lakini kijani si rangi yake. Hiyo ni shaba. Shaba huingia kidimbwini kupitia baadhi ya dawa za kuua mwani, au kupitia mabomba na mitambo ya maji inayolika polepole. Klorini huisaidia shaba hiyo kushikamana na keratini, ile protini inayounda nywele. Kama umewahi kuona koki ya zamani ikiota kijani, basi umeshaelewa.

Mwenye nywele nyeusi anaweza kutoka majini na shaba ileile, ila weusi unaificha. Kwako wewe uliyepaka blichi mambo ni mawili. Kwanza, rangi yako nyepesi inaonyesha kila kitu. Pili, nywele zako zina matundu. Blichi hufanya kazi kwa kufungua magamba ya unywele ili haidrojeni peroksaidi iingie ndani na kuondoa weusi. Wasusi huitaja dawa hiyo kwa namba: 20 ni asilimia 6 ya peroksaidi, 30 ni asilimia 9 na 40 ni asilimia 12. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo unywele unavyobaki wazi zaidi na kufyonza chochote unachokutana nacho.

Nywele zetu za kujikunja zina shida moja zaidi. Kila kona ya unywele ni sehemu dhaifu, na mafuta ya ngozi ya kichwa huchukua muda mrefu kufika kwenye ncha. Klorini ikija kuyaondoa hata hayo machache yaliyopo, ncha hukatika. Kwa hivyo wakati wewe unahangaika na rangi, tatizo kubwa zaidi huenda ni kukatika.

Kwa nini blichi ya pili ni hatari

Peroksaidi ikikutana na shaba iliyo ndani ya unywele, huvunjika kwa kasi na kutoa joto. Wakati mwingine msusi huhisi kichwa kinapata moto mkononi mwake. Nywele ambazo tayari zilikuwa dhaifu zinaweza kukatika palepale, au kuanza kudondoka vipandevipande siku chache baadaye kila ukichana. Ukirudi saluni, mwambie msusi wazi kwamba umekuwa ukiogelea kidimbwini. Usimfiche. Msusi anayejua kazi yake ataondoa madini kwanza, kisha ndiyo azungumzie rangi.

Maji safi kwanza, kidimbwi baadaye

Kinga bora ni ya bei rahisi kabisa. Lowesha nywele zote kwa maji safi kabla hujaingia kidimbwini. Nywele ni kama sifongo: sifongo kikavu hufyonza maji ya kwanza kukutana nayo, lakini kikishashiba hakina nafasi kubwa tena. Tumia shawa iliyo kando ya kidimbwi. Kama haifanyi kazi, beba chupa mbili za maji kutoka nyumbani.

Baada ya kulowesha, paka mafuta ya nazi kidogo, hasa kwenye ncha. Hii si hadithi ya mtaani tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Journal of Cosmetic Science ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza sana upotevu wa protini ya nywele. Lakini usijipake hadi udondoke mafuta. Utachafua maji ya wenzako na kofia itateleza.

Naam, kofia. Suka nywele mistari au zifunge chini, kisha vaa kofia ya kuogelea ya silikoni. Ile ya mpira huharibiwa na mafuta na hunasa nywele. Kofia haizuii maji yote, lakini inapunguza sana yanayozunguka kichwani. Kama una dredi, rasta au afro kubwa, zipo kofia kubwa zilizotengenezwa kwa ajili yako. Kampuni ya Soul Cap ya Uingereza ilianza kuzitengeneza mwaka 2017. Mwaka 2021 shirikisho la kimataifa la uogeleaji, wakati huo likiitwa FINA, lilikataa kuziidhinisha kabla ya Olimpiki za Tokyo, likapigiwa kelele dunia nzima, na mwaka 2022 likaziruhusu. Kwa hivyo ukiona mtu anakucheka kwa kofia yako kubwa, mwambie hiyo ni halali hata kwenye mashindano ya dunia.

Ukitoka majini

Usiketi juani na nywele zenye klorini ukisubiri chipsi. Zisuuze mara moja. Ukifika nyumbani, ponda tembe mbili za vitamini C za miligramu 500 katika nusu lita ya maji, mimina kichwani, subiri dakika chache, kisha suuza. Vitamini C huimaliza nguvu klorini na huondoa ile harufu inayokuganda hadi kanisani. Tahadhari: kama umepaka rangi ya waridi, zambarau au buluu, vitamini C inaweza kuififisha.

Halafu shampuu laini, kisha kondishona nzito kwa dakika kumi. Usiruke kondishona.

Najua utasema, "Maji ya kusuuza mara tatu nitayatoa wapi?" Wengi Nyalenda hununua maji kwa mtungi, na mtungi ni pesa. Pima basi: jagi mbili kabla ya kuogelea, jagi tatu baadaye. Mvua ya jioni ya Kisumu nayo ni rafiki. Maji ya mvua ni laini, hayana madini mengi, na nywele huyapenda. Acha tu mvua ya kwanza ioshe mabati, kisha ndiyo uweke ndoo. Maji ya visima vifupi vilivyo karibu na vyoo vya shimo usiyatumie kichwani. Yanaingia machoni na mdomoni, na hiyo ni shida kubwa kuliko nywele.

Kijani kikishaingia

Tafuta shampuu ya waogeleaji au ya kuondoa madini, ambayo kwa kawaida orodha yake ya viungo ina herufi EDTA. Kiungo hicho hukamata shaba na kuitoa. Itumie mara moja kwa wiki tu, kwa sababu inakausha. Ukiikosa, ponda tembe tano au sita za vitamini C, changanya na shampuu kidogo, paka sehemu ya kijani, funika kwa mfuko wa plastiki kwa dakika 15 hadi 20, kisha suuza na kuweka kondishona. Unaweza kurudia baada ya siku chache.

Sasa yale ya kuachana nayo. Shampuu ya zambarau haiondoi kijani. Zambarau huua manjano, basi. Sosi ya nyanya huonekana kusaidia kwa sababu wekundu hupunguza kijani machoni, lakini ni afadhali uile na chipsi. Magadi soda yanafungua magamba ya unywele zaidi, na ndimu ni kali mno kwa nywele zilizopigwa blichi. Mayai na mayonezi hupaka juu tu, protini zake ni kubwa mno kuingia ndani.

Kuzirejesha hai

Chukua unywele mmoja uliolowa, uvute polepole. Ukinyooka kidogo kisha ukarudi, uko sawa. Ukikatika mara moja, nywele zinataka unyevu: kondishona nzito kila wiki na mafuta kidogo juu. Ukinyooka kama chingamu bila kurudi, unahitaji tiba ya protini ya saluni, mara moja au mbili kwa mwezi, na blichi isikaribie kabisa. Punguza ncha zilizopasuka, kwa sababu hakuna dawa inayoziunganisha tena kwa kudumu. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hivyo kuwa mvumilivu.

Na ratiba pia ni muhimu. Ukipaka blichi, kaa wiki moja hadi mbili kabla ya kuogelea. Usichanganye blichi na dawa ya kunyoosha nywele katika siku moja, hata ukibembelezwa na bei ya ofa.

Usiache kuogelea

Wapo wasichana wengi ambao hukaa kando ya kidimbwi wakishika simu za wenzao, kisa nywele. Lakini wewe unaishi mwendo wa miguu kutoka Dunga, ziwa liko palepale, na mashua hupinduka. Tangu 2021 dunia huadhimisha Siku ya Kuzuia Kuzama Majini kila Julai 25, na kujua kuogelea ni kinga ambayo mtu hupata mara moja na kubaki nayo maishani. Ziwani kuna kichocho na magugumaji, hivyo kidimbwi chenye maji yanayotunzwa na mtu wa kukuangalia ndiyo shule nzuri zaidi ya kuanzia.

Kwa hivyo wakikuita tena, nenda. Beba chupa zako za maji, kopo dogo la mafuta ya nazi na kofia. Dakika tano kabla ya kuruka zitakuokolea nywele za mwaka mzima.