3 Idiots: Unapoambiwa Ufuate Moyo, Ni Moyo Upi?

Filamu ya 3 Idiots ilitoka India tarehe 25 Desemba 2009, na tangu hapo haijazeeka. Imejaza kumbi za sinema za India na China, imepita kwenye mabanda umiza ya kwetu ikiwa na sauti ya mtafsiri anayechekesha kuliko waigizaji wenyewe, na hadi leo inahamishwa kutoka simu hadi simu. Hata asiyejua jina la mwongozaji wake, Rajkumar Hirani, anamkumbuka yule kijana anayejipigapiga kifuani na kujiambia kwamba mambo ni shwari.

Ukimuuliza kijana aliyeitazama filamu hiyo inafundisha nini, atakujibu haraka: fuata moyo wako, usifuate cheo wala fedha. Jibu hilo si baya. Lakini sisi tunaosoma falsafa tumezoeshwa kutoridhika na jibu la kwanza, na baada ya kuitazama tena na kubishana juu yake siku kadhaa, tumeona kwamba filamu yenyewe ina akili kuliko msemo huo. Inatuonyesha vijana watatu ambao shida zao hazifanani, na dawa ya mmoja haiwezi kumtibu mwenzake.

Kwa ambaye hajaiona, habari yenyewe ni hii. Rancho (Aamir Khan), Farhan (R. Madhavan) na Raju (Sharman Joshi) wanakaa chumba kimoja katika chuo cha uhandisi kinachotungwa kuwa jijini Delhi. Mkuu wa chuo ni Viru Sahastrabuddhe, ambaye wanafunzi wamemfupishia jina likawa Virus. Siku ya kwanza anawaonyesha kiota cha ndege anayetaga katika viota vya wenzake, ambaye kinda wake huanza maisha kwa kuyasukuma nje mayai ya mwenye nyumba. Huo ndio ukaribisho wao: maisha ni mbio, na asiyemwangusha mwenzake ataangushwa. Hadithi inategemea kwa mbali riwaya ya Chetan Bhagat, Five Point Someone, iliyochapishwa mwaka 2004. Bhagat mwenyewe alisoma uhandisi katika chuo cha IIT cha Delhi, kwa hiyo hakuwa akisimulia habari za kuambiwa.

Mbio hizo si za kutungwa. Vyuo vya IIT huingiwa kwa mtihani ambao hatua yake ya kwanza hufanywa na zaidi ya vijana milioni moja kwa mwaka. Mji wa Kota, jimbo la Rajasthan, unajulikana India nzima kwa vituo vya masomo ya ziada, ambako wazazi hupeleka watoto wakakae mbali na nyumbani mwaka mmoja au miwili wakijiandaa. Mwaka 2021 takwimu za serikali ya India zilihesabu wanafunzi zaidi ya 13,000 waliojiua nchini humo. Si wote walijiua kwa sababu ya mitihani, lakini mwaka 2023 viongozi wa wilaya ya Kota waliamuru feni za hosteli zifungwe vifaa vya usalama ili zisitumike kwa kujidhuru. Mji unapofika hatua ya kurekebisha feni, ni wazi kwamba tatizo halikuanzia kwenye feni.

Ndiyo maana katikati ya vichekesho filamu imeweka kifo. Joy Lobo ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeunda chombo cha kuruka chenye kamera. Anaomba aongezewe muda kidogo, mkuu wa chuo anakataa, tena anampigia simu baba yake kumwambia kwamba mwanawe hatahitimu. Chombo kinaruka kwa mara ya kwanza mikononi mwa Rancho aliyekitengeneza kwa siri, kinapanda hadi dirishani kwa Joy, na kamera yake ndiyo inayowaonyesha wenzake kwamba wamechelewa. Baadaye Rancho anamwambia mkuu wa chuo kwamba daktari ameandika mgandamizo wa shingoni tu, lakini ule wa miaka minne kichwani hakuna hospitali iliyoupima.

Hapa tunaomba tuseme jambo kama waseminari. Zipo familia za Wakristo ambazo bado huzungumzia kifo cha namna hiyo kwa kunong'ona, kana kwamba marehemu amekwisha kuhukumiwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba kujiua ni kosa zito, na papo hapo inasema kwamba hofu kubwa au mateso ya nafsi yaweza kupunguza hatia ya mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiondolea uhai, Kanisa linawaombea. Kijana anayesoma haya huku moyo umemwelemea asisubiri hadi apate maneno mazuri ya kujieleza. Amwendee mtu leo, awe baba wa kiroho, mwalimu, daktari au rafiki.

Turudi kwa wale watatu. Farhan ana kipaji cha kupiga picha za wanyama pori. Baba yake alimtangaza kuwa mhandisi siku aliyozaliwa, na barua aliyomwandikia mpiga picha mmoja wa Hungaria kuomba kazi ya kujifunza kwake imelala kwenye begi miaka mitano bila kutumwa. Kwa Farhan, maneno “fuata moyo” yana maana iliyo wazi.

Raju ni tofauti kabisa, na watu wengi wanampita bila kumtazama vizuri. Raju anaupenda uhandisi! Tatizo lake ni woga. Baba amepooza, mama amechoka, dada hajaolewa kwa kuwa kule upande wa bibi harusi ndio unaotarajiwa kutoa mali, na familia nzima inamtazama yeye. Amejaza pete za bahati vidoleni na kila mtihani anauanzia kwenye ubani. Ukimwambia Raju afuate moyo wake, moyo wenyewe unatetemeka. Yeye anahitaji kufunguliwa. Inamgharimu kuanguka kutoka ghorofani na kuvunjika miguu kabla ya kuweza kukaa mbele ya waajiri kwenye kiti cha magurudumu na kusema ukweli juu ya alama zake mbaya. Wanapomdokeza kwamba mtu mkweli kiasi hicho atawasumbua, yuko tayari kuikosa kazi kuliko kuurudia woga. Wanamwajiri.

Rancho ndiye mtu wa tatu, na kwake kujifunza ni furaha tu. Mwalimu anapouliza mashine ni nini, anajibu kwa mifano: feni, simu, hata zipu ya suruali, chochote kinachompunguzia binadamu kazi. Anafukuzwa darasani. Chatur, mwanafunzi mwenzao, anaporomosha maneno ya kitabu neno kwa neno na anasifiwa. (Chatur huyo, filamu inasema, alizaliwa Uganda, na ndiyo sababu Kihindi chake ni kibovu. Watani wa Afrika Mashariki hatukukosa kutajwa.) Tulicheka, kisha tukatazamana, kwa sababu kati yetu hakuna asiyewahi kukariri maana ya kitu usiku wa manane, akaiandika kwenye mtihani na kuiacha mlangoni. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Meno, Sokrate anamchukua mtumwa ambaye hakufundishwa hesabu na kumwongoza kwa maswali hadi agundue mwenyewe jinsi ya kupata mraba wenye ukubwa maradufu ya wa kwanza. Rancho, ambaye tunakuja kujua kwamba ni mtoto wa mtunza bustani aliyekuwa akivaa sare na kujiingiza madarasani, ni ndugu wa yule mtumwa.

Lakini hatutaki kuisifu filamu hadi makosa yake yafichike. Chatur anapotoa hotuba aliyoikariri bila kuielewa, Rancho amebadilisha ndani yake maneno, moja likawa la kubaka, na ukumbi mzima unaangua kicheko. Ilitosha kumwonyesha Chatur kuwa kasuku kwa neno lolote jingine. Mwanamke aliyepatwa na jambo hilo, akiwa amekaa kati ya watazamaji, acheke nini?

Sehemu tunayoiona kuwa kilele cha filamu haina gari linalokimbia wala wimbo. Ni Farhan kwenda nyumbani. Siku ya mahojiano ya kazi anakwenda kwa baba yake na kumwambia kwamba uhandisi hauwezi. Baba anakasirika, anauliza majirani watasemaje, anauliza kama mwanawe sasa atatishia kujiua. Farhan anakataa tishio hilo. Anaonyesha picha ya wazazi wake anayoiweka kwenye pochi ili aitazame wazo la kujiua likimjia. Anakiri kwamba atapata mshahara mdogo, nyumba ndogo na gari dogo, lakini atakuwa na furaha. Kisha anasema kwamba hatafanya jambo hilo bila ridhaa yao, kwani anataka kuwashawishi, si kuwaasi. Baba ananyamaza. Alikuwa amemnunulia kompyuta kwa ajili ya kazi. Anauliza kamera ya kitaalamu inauzwa kiasi gani, na kama kompyuta inaweza kurudishwa dukani.

Mtu anayesema filamu hii inafundisha watoto kuwadharau wazazi hajaitazama sehemu hiyo. Sisi tumelelewa na amri ya nne, na tunaona kwamba Farhan anaitii vizuri zaidi siku ile anayosema ukweli kuliko miaka yote aliyokubali kwa mdomo. Baba alipewa nafasi ya kumjua mwanawe. Kabla ya hapo alikuwa akimlea mhandisi wa kufikirika.

Katika seminari swali hili halituhusu kwa mbali. Wapo mafrateri walioitwa “padri” na kijiji kizima tangu kidato cha kwanza. Bibi ameuza mbuzi, jumuiya imechanga, shangazi ameshachagua kitenge cha siku ya upadirisho. Frateri wa namna hiyo akitambua mwaka wa tatu wa falsafa kwamba hapa sipo, atawaambiaje? Na yupo wa upande wa pili, ambaye baba yake alimtaka awe daktari na bado anamuuliza kila likizo kama hajachoka na mambo haya.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliyajua yote mawili kwa pamoja. Familia yake haikumkataza kulitumikia Kanisa. Ilimtaka awe abate wa Monte Cassino, cheo cha heshima kwa ukoo. Yeye akajiunga na Wadominiko mwaka 1244, watawa wapya walioishi kwa kuombaomba. Kaka zake walimkamata njiani, akazuiliwa na familia yake karibu mwaka mzima. Kumbe mafanikio ya kawaida, yale ambayo majirani huyapigia makofi, yanaweza pia kuvaa kanzu.

Tunabaki na malalamiko moja kuhusu mwisho wake. Rafiki wanamkuta Rancho kwenye ziwa la Pangong, huko Ladakh, akifundisha watoto katika shule ya milimani. Chatur, aliyefanikiwa kule Marekani, anamcheka kuwa mwalimu wa shule tu. Hapo ndipo inafichuka kwamba jina lake halisi ni Phunsukh Wangdu, mwanasayansi mwenye hataza 400, ambaye saini yake Chatur anaihitaji kwa ajili ya biashara. Watazamaji wanashangilia, na sisi tulishangilia. Lakini hebu tuangalie: kwa saa karibu tatu filamu inatuambia tusimpime mtu kwa vipimo vya Chatur, kisha inampa Rancho ushindi kwa vipimo vilevile. Kama angekuwa mwalimu wa shule tu, je, angekuwa ameshindwa? Wengi wanaofuata karama zao hawapati hataza hata moja. Wanapata madarasa yaliyojaa na chaki za kununua wenyewe.

Yaliyo nyuma ya filamu yanajibu vizuri kuliko filamu. Vifaa vya ajabu vinavyoonekana kwenye shule ile havikubuniwa na waandishi wa sinema. Mashine ya kunyoa farasi inayoendeshwa kwa baiskeli ilitokana na kinyozi wa Uttar Pradesh, kinu cha unga kinachoendeshwa na skuta kilitokana na mchoraji wa Maharashtra, na mashine ya kufulia ya kukanyaga kwa miguu ilitokana na msichana mwanafunzi wa Kerala. Na Sonam Wangchuk, mhandisi wa Ladakh ambaye hutajwa mara nyingi kuwa kielelezo cha Wangdu, mwaka 1988 alianzisha pamoja na wenzake taasisi ya SECMOL, ambayo shule yake ilijulikana kwa kupokea vijana walioanguka mtihani wa darasa la kumi. Anajulikana pia kwa minara ya barafu inayohifadhi maji ya baridi kali hadi masika, wakulima wanapoyahitaji.

Liko jambo jingine ambalo hatukulimaliza tulipobishana. Rancho alisoma kwa jina la mtu mwingine. Tajiri wa Shimla alitaka mwanawe awe na shahada ya uhandisi, akamtuma mtoto wa mtunza bustani akaisome badala yake. Tulipata wa kumtetea Rancho, kwamba maskini aliyenyimwa mlango alipita dirishani, na tulipata wa kusema kwamba cheti cha uongo ni cha uongo hata kikisomewa kwa bidii. Mpaka kengele ya sala ya jioni inalia, hakuna aliyekuwa amemshawishi mwenzake. Ila mmoja wetu aliuliza juu ya yule Ranchhoddas wa kweli, mtoto wa tajiri, ambaye jina lake liko kwenye shahada ukutani. Katika filamu nzima wanatafutwa watu, wanaulizwa wanapenda nini, wanasaidiwa kutuma barua zao. Yeye hakuna aliyemuuliza.