Ng'ombe Hasemi, Lakini Huonyesha

Mtu akiugua husema, "Kichwa kinaniuma." Ng'ombe hana maneno. Tena huficha maumivu, maana porini mnyama dhaifu ndiye anayekamatwa kwanza na simba. Basi sisi wafugaji tujifunze kusoma matendo yake, kama tulivyojifunza kusoma gazeti.

Ng'ombe mzima hukaa na wenzake. Masikio yake huchezacheza. Akishiba hulala na kucheua. Kwa siku moja hucheua kiasi cha saa 8 hivi. Ukimwona amejitenga, masikio yamelegea na hacheui, ujue kuna jambo.

Mfugaji mmoja katika darasa letu la kisomo alitueleza habari za mtamba wake. Jioni aliachwa nyuma na kundi. Mwenyewe akasema, "Amechoka tu." Kesho yake hakucheua. Baada ya siku chache akawa anapumua kwa shida. Bwana mifugo alipoitwa, muda ulikuwa umekwisha. Ilikuwa ndigana kali. Ugonjwa huu huletwa na kupe wanaopenda kukaa masikioni. Dalili zake za kwanza ni homa, na mitoki kuvimba chini ya masikio. Dawa ipo, lakini husaidia zaidi ikitolewa mapema.

Je, siku ya matibabu tunafanyaje? Wengi wetu hutumia fimbo na kelele. Hapo tunajiharibia wenyewe. Joto la ng'ombe mzima ni kati ya digrii 38 na 39 na nusu. Akikimbizwa juani hupanda, hata kama haumwi. Bwana mifugo atajuaje kama ni homa? Tena ng'ombe aliyepigwa joshoni leo, safari ijayo atakataa kuingia. Kupe watabaki, na ndigana itarudi.

Njia nzuri ni hii. Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa. Huona pande nyingi, ila nyuma yake kabisa haoni. Usimjie kwa nyuma, atakupiga teke. Mwendee kwa ubavuni, polepole, ukisema naye kwa sauti ya chini. Mpeleke pamoja na mwenzake, maana peke yake huogopa.

Leo jioni, kabla ya kufunga zizi, tusimame kidogo tuangalie. Nani hacheui? Nani amejitenga? Tuandike daftarini siku na dalili, kisha tumwonyeshe bwana mifugo mapema. Kalamu yetu nayo iokoe ng'ombe.